Prosesa Haina Miguu

Ami yangu wa Maskati hana mkono wa birika, na hilo ndilo lililotuponza. Mwagize kanzu moja, atashuka na tatu. Mimi nilimwagiza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya kompyuta yangu ya gemu: Ryzen 5 5600 ya AMD, kampuni inayoshindana na Intel; nikamwandikia jina kwa herufi kubwa na kumtumia picha ya boksi.

Sikuichagua kwa ubahili. Mazabodi yangu, yaani ubao mkuu wa kompyuta, ni B450 ya mkono wa pili, soketi yake (pale prosesa inapokaa) ni AM4, na haipokei prosesa ya soketi nyingine. Katika za AM4, 5600 yatosha na kubaki: viini 6 vya kufanyia kazi, nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), umeme wati 65 tu. Kadi yangu ya picha ni RX 580 iliyokwishachoka, na kwenye gemu kadi ndiyo hubeba mzigo mzito, kwa hiyo prosesa kubwa zaidi ingekaa tu kutazama. Hata BIOS, programu ya kuiwasha mazabodi, nilishaisasisha, maana bila hivyo bodi nyingi za umri ule haziitambui 5600.

Ami akashuka na Ryzen 7 7700.

"Umeniomba tano, mimi nimekuletea saba," akasema mbele ya ukoo mzima, na mama akapiga kigelegele. "Na ile yako muuzaji kaniambia ya mwaka 2022. Hii ya 2023, ina viini 8. Sisi hatununui vya zamani."

Utamwambia nini mtu kama huyo, na hata viatu hajavua? Nikasema shukran. Nilijua fika kwamba 7700 ni ya soketi AM5, kwangu haiingii hata kwa dua, ila nilipanga kumweleza faragha, taratibu, baada ya chakula. Ami hakungoja chakula. Alitaka aione ikiwaka.

Boksi likafunguliwa sebuleni, watoto wamejazana. Ami akaigeuza prosesa, akaipangusa, akaigeuza tena, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa:

"Miguu yake iko wapi?"

Maana mazabodi ilikuwa wazi mezani, matundu yake 1331 yakingoja pini. Prosesa za AM4 zina pini chini. Za AM5 chini ni bapa, vidoti vya dhahabu tu, na pini zimehamia kwenye mazabodi, 1718. Nikaanza kueleza, nani anisikilize? Mdogo wangu alikwisha kuiona ile kofia ya chuma juu ya prosesa, imekatwakatwa pembeni kama pweza, akapiga kelele: "Ami, miguu hii hapa, imepanda kichwani!"

Ami akampigia muuzaji simu, spika wazi. "Umeniuzia prosesa isiyo na miguu!"

"Miguu iko kwenye ubao, mzee wangu."

"Kwa hiyo umebaki nayo dukani?"

Akaitwa fundi redio wa jirani. Akavaa miwani, akaanza kuhesabu matundu, akachoka mstari wa pili, akasema pini anaweza kuzichomelea, waya wa shaba anao. Shilingi mia kila pini. Nikapiga hesabu haraka: 133,100. Nikajua sasa Ami atashtuka. Ami akavuta kiti.

"Hamsini."

"Tisini, na feni nakufungia bure."

Walikuwa wamefika sabini bibi alipouliza kama fundi amewahi kuchomelea prosesa hata moja. "Hii ndiyo ya kwanza," fundi akajibu, "ndiyo maana nawapunguzia."

Nikaichukua prosesa mkononi mwake, nikaifungia kabatini. Kuitumia kunataka mazabodi nyingine na ramu (kumbukumbu za kompyuta) za aina ya DDR5, kwani AM5 haipokei zile za DDR4 nilizonazo. Ukijumlisha, zawadi ingenigharimu kuliko kompyuta yote iliyokwisha kusimama. Siku Ami anaondoka nikamwandikia kwenye karatasi kitu cha kutafuta: mazabodi, soketi AM5, pini 1718. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Juzi kapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mwanangu, ubao nimeupata na nimeshalipa. Wa Intel, mpya kabisa. Wewe ulitaka miguu 1718, huu una 1851. Itakayobaki weka akiba."