Karafuu nayo ni kemikali

Kila nikimsikia mtu akisema "mimi sitaki kemikali, jino likiniuma natafuna karafuu tu", hutamani kumuuliza anadhani ni kitu gani kinachoutia ganzi ufizi wake. Ni kemikali. Inaitwa yujenoli, na mkarafuu huitengeneza wenyewe.

Watu wa Pemba, pua zao zimeizoea harufu ya karafuu. Msimu ukifika majamvi hujaa nyuani na makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, huchambuliwa hadi usiku. Harufu ile kwa sehemu kubwa ndiyo yujenoli. Karafuu kavu iliyo nzuri huwa na mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na ya mafuta hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 70 ni yujenoli. Makonyo nayo hayatupwi, kwani Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha kuyatoa mafuta kwa mvuke.

Halafu nenda kwa daktari wa meno. Miaka nenda miaka rudi, madaktari wamekuwa wakichanganya unga wa oksidi ya zinki na yujenoli, wanapata kinamu kinachoganda na kuziba tundu la jino kwa muda huku kikituliza maumivu. Kwa hiyo bibi aliyekupa punje ya karafuu na daktari mwenye koti jeupe wametumia dawa ile ile. Inazuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu. (Watafiti wa samaki nao huyatumia mafuta ya karafuu kuwalaza samaki ili wawapime bila kuwasumbua. Hapo ndipo ujue nguvu yake.)

Ninachogombana nacho ni hili neno "asili" linalotumika kama hati ya usalama. Punje moja mdomoni inatoa yujenoli kidogo kidogo. Kichupa cha mafuta ni habari nyingine kabisa: nguvu ya punje nyingi imekusanywa pale, na tone likikaa kwenye ufizi linaweza kuuunguza. Majarida ya tiba yameandika visa vya watoto wadogo waliokunywa mililita chache tu, wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Halafu unamkuta mzazi anampaka mtoto anayeota meno, kwa kidole, bila kuyachanganya na chochote, kwa sababu "haya hayana madhara".

Na ganzi haiponyeshi tundu. Jino lililooza litaendelea kuoza huku wewe ukitafuna karafuu, mpaka shavu livimbe usaha, na wakati huo hata kuling'oa ni kazi.

Mimi mwenyewe natafuna karafuu, na sioni sababu ya kuacha. Ila wauzaji wa vile vichupa vya sokoni visivyo na karatasi wala kifuniko cha kumshinda mtoto walazimishwe kuandika juu yake, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: usinywe, usimpake mtoto mchanga, weka mbali na watoto.