Jasho la Baiskeli si Dhiki

Kwamba Tanga ni mji wa baiskeli, hilo kila mtu analijua. Kinachonisumbua ni huruma tunayowapa waendeshaji wake siku hizi. Mtu mzima mwenye kazi yake akipita Ngamiani ananyonga pedali, shati limemganda mgongoni, hakosekani wa kusema maisha yamempiga. Bodaboda zimejaa, kwa nini ajitese?

Wanaouliza hivyo hawasemi ovyo. Jua la kaskazi, Desemba mpaka Machi, si la mchezo, na mwenye presha anaweza kuzidiwa njiani. Barabara ya kwenda Pongwe ina malori. Tena yuko mchuuzi anayepakia ndoo za samaki pale soko la samaki la Deep Sea, akazikaza kwa mpira wa tyubu kwenye keria, akazunguka nazo mitaani mpaka mchana. Huyo hakuchagua kuchoka, na kumwambia anajenga afya ni kumkosea adabu. Taabu isiyo na mapumziko humla mtu.

Taabu ya kiasi, inayokuja na kuondoka, ni habari nyingine kabisa. Mwili unaotiwa joto kila siku huzoea ndani ya wiki moja hadi mbili: jasho huwahi kutoka, chumvi inayopotea nalo hupungua, maji ya damu huongezeka, na moyo hupiga taratibu zaidi kwa kazi ileile. Misuli inayojikaza huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni ya kushusha sukari, inaposhindwa kufanya kazi yake sawasawa, jambo kubwa kwa mji wenye wagonjwa wa kisukari karibu kila ukoo. Ukipakiwa nyuma ya pikipiki, misuli hiyo imekaa tu.

Mwaka 2017 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliofuatilia zaidi ya watu 260,000 nchini Uingereza kwa wastani wa miaka 5. Hatari ya kufa kwa waliokwenda kazini kwa baiskeli ilikuwa chini kwa asilimia 41, ukiwalinganisha na waliotumia gari au usafiri wa umma. Asilimia 41! Najua pa kuitilia shaka: huenda wenye afya ndio wanaopenda baiskeli tangu hapo, ingawa watafiti walizingatia uvutaji sigara, uzito na chakula. Na wenzetu wale hawapigwi na jua letu. Lakini tazama waliokwenda kwa miguu. Maradhi ya moyo yalipungua kwao, ila vifo kwa jumla havikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Wao walikwenda masafa mafupi, tena polepole. Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu, maana faida kubwa iliwaendea waliohema.

Na kuhema ndiko tunakokukimbia, tukidhani tumestaarabika. Mwenye presha au kisukari amwone daktari kwanza, kisha aanze na safari fupi, mathalani Chumbageni mpaka sokoni, kabla ya saa 2 asubuhi, akiwa na maji, na ashuke mara anaposikia kizunguzungu. Malori nayo ni hoja ya kupelekwa halmashauri, watutengee njia ya pembeni yenye miti ya kivuli. Anayenyonga pedali asisimangwe kwa ajili ya malori.