Highway 21 ya Texas: yule sarveya analaumiwa kupita kiasi

Wapenzi wa historia ya Texas wana lalamiko moja kuhusu Highway 21, ile barabara ya jimbo inayokatiza mashamba na misitu ya misonobari mpaka mto Sabine. Wanasema serikali iliokota mstari mmoja ikauita El Camino Real, njia ya kale ya Wahispania, wakati njia zilikuwa nyingi na zilikuwa zinahama, mvua ikizidi watu wanapita juu, kivuko kikiharibika wanatafuta kingine. Na ni kweli. Mtandao wa njia hizo uliotambuliwa kitaifa mwaka 2004 una maili 2,580 hivi, ila V. N. Zively, sarveya aliyepewa na jimbo mwaka 1915 kazi ya kuipima njia hiyo, alipima kama 540 tu. Alafu lami ikafuata mstari wake, na lawama zikamwangukia yeye. Ukitaka kuona mitaro iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni nenda Lobanillo Swales, pale ambapo barabara ya sasa ilipita pembeni.

Lakini mi naona Zively anaonewa. Hakukaa ofisini akachora anachotaka, alifuata hati za zamani za ardhi, ambazo nyingi zilitaja njia hiyo kama mpaka, na ukishampa mtu shamba linaloanzia barabarani basi njia imeshafungwa hapohapo, ukiisogeza umeingia kwa jirani na kesi juu. Yani walioigandisha ni wenye mashamba, miaka mingi kabla yake! Mpaka leo kaunti za Brazos na Robertson zinapakana kwenye njia hiyo, Madison na Leon vilevile, na kipande hicho ni barabara ya jimbo isiyo na namba kabisa, kibao kimeandikwa OSR tu, kifupi cha Old San Antonio Road, jina lingine la njia hiyohiyo. Bila vipimo vyake na yale mawe ya granite yaliyowekwa 1918 kuonyesha njia sidhani kama leo kungekuwa na cha kubishania, maili 540 zenye alama si kidogo, hizo 2,580 zimekuja kutafutwa baadaye kwa kuanzia hapo.

Ninapokwama ni kwa Wacaddo, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Texas. Vilima walivyojenga kwa udongo viko kandokando ya Highway 21 karibu na Alto, Wahispania waliofika miaka ya 1690 walikuta njia zao zinapitika, na mwaka 1859 waliobaki Texas wakahamishiwa Oklahoma. Hati alizozifuata Zively ni za walowezi, kwahiyo hata angepima kwa uangalifu kiasi gani, Wacaddo asingewakuta humo.