Jeneza Lililopata Mpangaji

Karakana yangu iko Uyole, Mbeya, na riziki yangu inatoka kwenye vitu viwili: makabati ya chipsi na majeneza. Mwezi wa saba akaja mwalimu mstaafu wa baiolojia na mchoro wa sanduku la sentimita 45 kwa 45, kimo 90, "la kufugia". Nikaona hilo ni kabati la chipsi lililosimama tu. Ya nini kuumiza macho kusoma maelezo ya pembeni?

Nikakata paina ya Mafinga, inchi moja kwa mbili: vipande vinne vya sentimita 90 na vinane vya 45. Nikafunga kwa skrubu, maana fremu ya misumari mlango ukifunguliwa kila siku inalegea. Pande tatu vioo, chini hadibodi. Likapendeza hadi mpita njia mmoja akauliza mayai ya kuchemsha yanaanza lini.

Mwalimu akaja na mfugwa mwenyewe kwenye kijiti cha mpera. Kinyonga! Kwetu huyo akikatiza njia, safari inaahirishwa.

"Usiogope, fundi. Hana sumu, na kibali chake ninacho. Tena si yule wa pembe tatu wa milima ya Poroto, huyu ni wa kawaida."

Kawaida gani? Alipoingizwa tu akavimba, akawa mweusi, akaachama mdomo.

"Mwalimu, amepandisha!"

"Amejiona kwenye kioo. Anadhani kavamiwa na dume mwenzake."

Nikapewa somo palepale, nimeshika msasa. Kioo kinafungia joto, na kinazuia ule mwali wa jua unaomsaidia kujenga mifupa. Kinyonga anataka hewa ipite, kwa hiyo ni wavu. Wavu wa mbu haufai, kucha zinanasa na nyenje anaowala wanautafuna wakatoka. Alitaka wavu wa trei za kukaushia kahawa, matundu ya nusu sentimita. Hadibodi nayo itoke: kinyonga hanywi kwenye bakuli, anakunywa matone kwenye majani, kwa hiyo sakafu italowa kila siku, na hadibodi ikilowa inavimba kama andazi.

Akamwacha mnyama wake humo, akaenda Mwanjelwa kutafuta mche wa kuweka ndani. Mimi nikatoa vioo. Wavu wa kahawa sikuwa nao, ila nilibakiwa na wa kuku, matundu ya inchi moja. Kichwa cha kinyonga kinene vile kitapita wapi? Nikagonga stepo kila inchi tatu, nikaenda kunywa chai.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kinyonga kavimba kwa mbwembwe tu. Akitulia ni mwembamba kama ukurasa wa daftari. Nimerudi, sanduku tupu. Nikapekua maranda, nikapekua makopo ya vanishi, nikapekua hadi koti langu, taratibu sana.

Saa nne hiyo, baridi ya Uyole unaijua. Kinyonga akipata baridi hujigeuza mweusi ili avute joto la jua. Na jua lote la karakana siku ile lilikuwa nje, juu ya jeneza la rangi ya kahawia iliyokolea, lililokauka tangu juzi, likingoja wenyewe.

Wenyewe wakafika. Wazee watatu na mama mmoja wa kitenge. Nikawapa pole, tukainama kushika vishikio. Hapo kifuniko kikafumbua jicho. Likazunguka, likamtazama mama. La pili likanitazama mimi.

Sikumbuki nani alikimbia kwanza. Nakumbuka nilimpita mama wa kitenge karibu na duka la mbolea, naye alikuwa amenitangulia mbali.

Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyerudi, kasimama hatua ishirini. "Fundi, mzee wetu ameishi miaka tisini bila balaa. Humo hatumlazi." Nikarudisha kianzio, wakachukua kwa jirani yangu, ambaye mpaka leo ananisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida.

Mwalimu alirudi na mche wake, akamchukua kinyonga juu ya kifuniko bila wasiwasi. Kisha akatoa futi, akaanza kulipima jeneza.

"Mita moja na themanini. Ukilisimamisha wima, fundi, huyu anapenda kupanda juu..."

Kifuniko nikakitoboa nikaweka wavu wa kahawa. Madirisha mawili nikakata ubavuni, yakitazamana ili hewa ikatize. Upande wa miguu nikatoboa matundu ya maji kutoka. Juu inaning'inia chupa yenye tundu la sindano, inadondosha maji kwenye majani.

Vishikio mwalimu amekataa visitolewe. Anasema vinasaidia kulihamishia juani. Ila majirani zake, akiwaomba wamshikie upande wa pili, wote wana haraka.