Mzuka wa Shemeji Umekata

Jamani, najua kuna watu wana shida zao. Kuna walioibiwa baiskeli mchana kweupe hapa hapa Ngamiani, Tanga, kuna waliokopesha na wadaiwa wamehamia Handeni. Nawapa pole. Lakini ninyi hamjaishi na mpiga gita aliyekatikiwa na mzuka.

Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Alikuja kupumzisha kichwa kidogo. Kichwa bado kinapumzika kwenye kochi langu, miguu iko juu ya stuli. Anapiga solo kwenye bendi za maharusi, na akiamua kupiga anapiga kweli, hilo simnyimi. Ila siku hizi anapapasa nyuzi mbili, anaguna, analilaza gita.

"Vipi shemeji?"

"Hamna kitu, shem. Sauti imekufa."

Sauti imekufa, lakini hamu ya chapati iko hai na afya tele.

Kwanza mzuka aliutafuta kwa miguu. Alikwenda Raskazone kukaa na bahari, akarudi na kichwa kinamgonga kwa jua. Akaenda mapango ya Amboni, eti mwangwi wa mle ndani utamfungua. Alirudi ananuka popo, gita limejaa vumbi, mama watoto akalifuta kwa shati langu la Ijumaa. Halafu akalegeza nyuzi zote akazifunga kwa mpangilio mwingine, kwamba vidole vikipotea njia vitaokota kitu kipya. Vilipotea kweli. Jirani alituma mtoto kuja kuuliza kama tuna mgonjwa.

Hapo ndipo akagundua kwamba tatizo si yeye. Tatizo ni amplifaya, kile chombo cha kukuza sauti ya gita.

Anayo moja ndogo ya transista, nzima, inawaka, ina kelele za kutosha kuamsha barabara ya kumi na tano yote. Haitaki. Anataka ya taa, zile taa za kioo ambazo mimi nilidhani tulishazizika pamoja na redio za mkoloni. Kumbe huko duniani watu wanazililia mpaka leo! Ati transista ikizidiwa inakwaruza ghafla, ila taa ikizidiwa sauti inapasuka polepole, inanenepa, inakuwa na uchungu ndani yake. Utamu wake hauji mpaka ibanwe na kazi. Nikamtazama shemeji pale kochini, nikasema moyoni: kifaa kinachopendeza kikielemewa na kazi! Laiti mwenyewe angeiga.

Basi nyumba imegeuka darasa. Mimi muuza vipuri vya baiskeli, elimu yangu ni friwili na spoki, sasa kila nikila wali nasomeshwa. Taa aina ya EL84 ndiyo ya amplifaya za Vox, inang'ara juu. EL34 ndiyo iliyowapa amplifaya za Marshall ule mngurumo. 6L6 ni ya zile amplifaya kubwa za Fender, sauti safi, pana. Na kile kitaa kidogo cha mbele Ulaya kinaitwa ECC83, Marekani kinaitwa 12AX7, kitu kimoja majina mawili, kama mdaiwa sugu.

Na historia juu. Leo Fender alikuwa fundi redio kule California, gita lenyewe hakujua kulipiga. Jim Marshall alikuwa mpiga drams mwenye duka la vyombo London. Wapiga gita walimsumbua dukani mpaka mwaka 1962 mafundi wake wakafungua amplifaya ya Fender ya gita la besi, wakaichungulia, wakatoa ya kwao. Sasa nisaidieni kuelewa. Aliyetengeneza hajui kupiga, mwenye duka anapiga ngoma, anayepiga hajui kutengeneza, halafu mimi nisiye na ubavu wowote katika jambo hili ndiye ninayeulizwa pesa.

Mwanzoni alitaka ya wati 100. Nikamuuliza kwa akili ya dukani, hiyo inapiga mara mbili ya ile ya 50? Akasema hapana, inazidi desibeli 3 tu. Ili sikio lione sauti imezidi mara mbili, wati ziongezeke mara 10 hivi. Mimi nikiuza baiskeli kwa hesabu hizo nitahojiwa. Tena hiyo ya 100 ukiipiga sebuleni kwa adabu haifiki pale pa kubanwa, kwa hiyo ule utamu huupati. Na ukiifikisha, mabati yanahama. Ndiyo maana wajuzi wakiwa nyumbani wanatumia ya wati 5. Nikafurahi! Tano, nikajua na bei imeshuka mara ishirini. Wapi. Bei ya taa haina undugu na wati. Kuna ambazo kwa pesa yake unapata bodaboda mpya na mafuta ya kuanzia.

Akaja na habari ya mtumba, kuna mtu kaitoa Marekani. Nyuma imeandikwa volti 120. Umeme wetu ni 230, ukiichomeka hivi hivi inatoa moshi badala ya solo. "Tutanunua transfoma ya kushusha, shem." Tutanunua! Na humo ndani, japo inakula 120, inajizalishia volti 300, 400, na kuna kapasita zinazoshikilia umeme hata ukishachomoa waya, kwa hiyo fundi asiyejua anaweza kurushwa akiwa anadhani mashine imelala. Na usiiwashe bila spika, transfoma yake ya kutolea sauti inaungua. Na hii chumvi yetu ya bahari inayonilia minyororo ingali kwenye makaratasi dukani, pini za taa itaziacha? Na luku ikikata katikati ya wimbo je? Maswali hayo yote nimeuliza mimi. Majibu yake: "Shem, wewe huna sikio."

Kisha akanitolea bunduki kubwa, historia ya mji. Kwamba Tanga hii ndiyo ya bendi za Atomic na Jamhuri Jazz, kwamba hata taarabu ya hapa, kina Black Star na Lucky Star, ilinogeshwa na magita ya umeme. Kwamba Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri hapa kabla ya kuunda bendi yao ya Simba Wanyika. Nikamwambia haswa, shemeji, kina Kinyonga umewataja vizuri. Walifanyaje? Walihama! Walipanda gari wakaenda Arusha, na 1971 wakawa Nairobi. Hawakusubiri mzuka kwenye kochi la mtu. Mama watoto akanikata jicho, mazungumzo yakaisha.

Nikaona nimlete mkubwa. Kuna mzee mtaa wa nyuma, ujanani alipiga rithimu, sasa anakunywa kahawa na kulaumu vijana. Nikajua huyu atasema maneno yenye busara: kijana, sisi tulipiga na vyombo vibovu na watu wakacheza, shika gita uache anasa. Nikamkaribisha kwa heshima zote, shikamoo mzee, kahawa, kashata.

Mzee akasikiliza kimya. Shemeji alipofika kwenye neno valvu, yaani hizo taa, mzee akaweka kikombe chini.

"Ya taa, mwanangu?"

"Ya taa, mzee."

"Yenye spika mbili za inchi 12?"

Nikaona macho yanang'aa, nikajua nimekwisha. Nilileta zimamoto, kumbe nimeleta petroli. Mzee yule hajaondoka hadi isha, na kesho yake akarudi kabla ya chai. Sasa wako wawili. Mmoja ni wa EL84, mwingine wa 6L6, wanabishana mpaka wanasahau kwamba hakuna aliye na hata fyuzi mfukoni. Wanapatana kwenye jambo moja tu, kwamba amplifaya ya AC30 ya Vox, kilo 30 na ushee, ikifika itakaa pale kwenye kabati langu, na anayefaa kuibeba ni mimi, kwa sababu nimezoea vyuma.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini juzi nimerudi dukani nawakuta wamesimama kimya mbele ya redio ya marehemu baba. Redio ya taa, ya miaka ya hamsini, haijawahi kufunguliwa tangu azikwe mzee wangu, Mungu amrehemu. Wameigeuza, wanachungulia nyuma kwa tochi ya simu.

"Mwanangu," mzee ananiambia kwa upole, "redio za namna hii mara nyingi humo ndani mna EL84."

Shemeji akacheka. Nakwambia alicheka meno yote, akachukua gita, akapiga solo moja tamu ambayo sijaisikia tangu ahamie kwangu!

Bisibisi zote za nyumba hii sasa ziko chini ya mto wangu. Jana usiku mama watoto ameniomba moja, eti mpini wa sufuria umelegea.