Boti kuukuu ya ski isomwe kuanzia nyuma

Boti za ski, yaani za kuvuta watelezaji majini, zilizokwishatumika huja Uganda zimepakwa rangi upya na kushonewa viti vipya, kisha dalali anasoma jina lililoandikwa ubavuni kana kwamba anasoma hati. Jina hilo silipi uzito wowote. Kinachoweza kutengenezwa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, kwa asubuhi moja hakithibitishi aina ya boti.

Inayoniuma zaidi ni Ski Nautique 2001 ya kiwanda cha Correct Craft. Hiyo 2001 ni jina la modeli, si mwaka. Zilitengenezwa kuanzia 1982 hadi 1989, na 1990 ikaingia Ski Nautique ya umbo jingine. Mnunuzi wa Entebbe asiyelijua hilo atauziwa boti ya 1986 kwa bei ya iliyo changa kwa miaka kumi na mitano, na hakuna atakayemrudishia fedha.

Simama ndani ya boti ukitazama mbele, halafu nenda ukakague ubao wa nyuma upande wako wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Boti zilizoundwa Marekani tangu Novemba 1972 zinatakiwa kuwa na namba pale, yenye herufi na tarakimu 12. Herufi tatu za kwanza ni za kiwanda: CTC ni Correct Craft, MBC ni MasterCraft. Nne za mwisho, kwa boti za baada ya Agosti 1984, ni tarehe. J586 maana yake Oktoba 1985, modeli ya 1986. Hapo ndipo wengi hubishana juu ya mwaka, kumbe wote wanasema kweli. Namba ikiwa imekwanguliwa, mimi sinunui, hata bei iwe tamu vipi.

Namba haimalizi kila kitu. Fungua kifuniko cha injini. Injini ya Ford 351 imo katika boti nyingi za enzi hizo, lakini zipo zinazozunguka kulia na zipo za kushoto, na starta ya moja haifai kwa nyingine, propela vilevile. Spea ikiagizwa kimakosa kutoka ng'ambo, boti hulala nchi kavu hadi nyingine ije. Chini ya sakafu ya 2001 kuna mihimili ya mbao iliyofunikwa faibaglasi. Jaribu kukaza skrubu zinazoshika injini: zikizunguka bila kushika, mbao imeoza.

Na ziwa letu, Viktoria, liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na propela iliyofaa Florida yaweza kuilemea hapa.

Kabla ya kutoa arbuni, mtake muuzaji akutumie picha ya namba ile, ya kibati cha injini, na ya chini ya boti pale shafti inapotokea.