Soksi Nyeusi Nyuma ya Goli

Upepo wa Mbeya mwezi wa Septemba hauna adabu kwa maiki. Simama katikati ya Uwanja wa Sokoine saa kumi jioni na kinasa sauti mkononi, halafu rudi studio usikilize: mvumo mtupu, puuuu, kana kwamba kocha alihojiwa juu ya lori la viazi linaloteremka Mlima Nyoka. Dawa yake ni sponji ya maiki. Yangu ilikuwa imebaki kwenye bajaji ya Mwanjelwa, kwa hiyo nikachukua soksi.

Msicheke, soksi inafanya kazi. Upepo ukigonga maiki moja kwa moja unatikisa zaidi kile kiwambo chembamba cha ndani kuliko sauti ya mtu inavyokitikisa. Kitambaa kinauvunja nguvu kabla haujafika. Chukua soksi nene ya pamba, ikunje iwe tabaka mbili, na usiibane. Acha nafasi ya unene wa kidole kati ya kitambaa na maiki, la sivyo utaondoa mvumo upate mkwaruzo. Herufi za "s" na "sh" zitafifia kidogo, lakini msikilizaji anayekaanga chipsi pale Kabwe hatajua.

Mimi nilikuwa na soksi nyeusi ya shule. Nikaivisha kinasa sauti chote na kuifunga kwa raba nyekundu, zile za kufungia noti, mbili juu na mbili kiunoni. Kikatokea kifurushi cheusi, kirefu kama gunzi la muhindi, chenye mikanda myekundu, na ndani kataa kekundu kanakowaka na kuzima. Sikuona tatizo lolote. Nilikuwa nafikiria sauti tu.

Wageni wetu walikuwa timu kubwa kutoka Dar es Salaam. Ipi, tuiache. Walikuja kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya mechi, na msemaji wao alishatangaza: wanahabari dakika 15 za mwanzo, baada ya hapo geti linafungwa. Kanuni hiyo siipingi. Hata kwenye mashindano makubwa ya dunia ndivyo ilivyo. Katika dakika hizo wachezaji wanakimbia mchakamchaka na kunyoosha viungo, wapiga picha wanapata picha zao, kila mtu anaridhika. Baadaye kocha anapanga kona, mipira ya adhabu na kikosi cha kwanza, na hakuna kocha anayetaka mambo hayo yasikike redioni kabla ya filimbi.

Ugomvi wetu na wasemaji ni mmoja: dakika zinaanza kuhesabiwa lini? Sisi tunahesabu kuanzia filimbi ya kwanza ya kocha wa viungo. Msemaji huyu alihesabu kuanzia basi lilipogusa geti. Basi likaingia saa 10:00. Saa 10:04 wachezaji wakaanza kushuka, taratibu, kila mmoja na spika zake masikioni. Hadi 10:10 walikuwa wanafunga kamba za viatu. Saa 10:12 wakaanza kukimbia. Saa 10:15 msemaji akapiga makofi: "Haya wanahabari, asanteni, nje!"

"Kaka, tumepata dakika tatu," nikamwambia.

"Mmepata 15. Hizo 12 mlikuwa mnafanya nini?"

Sasa, katika zile tatu nilikuwa nimeweka kinasa sauti nyuma ya goli, kwenye majani karibu na nguzo ya wavu, ili nipate mlio wa mpira na kelele za kipa. Sauti za namna hiyo ukizipitisha chini ya maelezo, ripoti ya redio inapata uhai, na dakika mbili zinatosha kabisa. Tukaswagwa kuelekea getini kabla sijakifuata. Ningesema? Kumwambia msemaji kwamba umeacha kinasa sauti kinarekodi kwenye mazoezi ya siri ni kuomba ufungiwe msimu mzima. Nikanyamaza. Nikasimama nje na mzee mtunza uwanja, nikijipa moyo kwamba kipa hatazami majani.

Kipa akaenda kuokota mpira.

"Jamani! Kuna kitu huku!"

Kwa wasiofuatilia ligi yetu: kila klabu ina makocha, na pembeni watu wanasema kuna kamati ya ufundi, ambayo ufundi wake haufundishwi kozini: ni uchawi. Bodi ya Ligi imeshatoza klabu faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi, na kwa kukataa vyumba vya kubadilishia nguo. Katika mazingira hayo hakuna mchezaji atakayeona kitu cheusi chenye mikanda myekundu golini akawaza redio. Kikosi kizima kilikuwa mstari wa kati kabla kipa hajamaliza sentensi. Kocha wao mgeni alibaki peke yake na koni zake, akiuliza kilichotokea, na mkalimani hakuwepo. Alikuwa wa kwanza kufika mstari wa kati.

"Kinapumua!" beki mmoja akapaza sauti. Kale kataa.

Hapo ndipo kanuni za wanahabari zilipobadilika bila kikao. Msemaji alikuja mbio getini, akalifungua mwenyewe: "Wanahabari, ingieni! Pigeni picha! Dunia ione mambo ya hawa wenyeji!" Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, sijawahi kupewa uhuru mpana kiasi hicho. Wenzangu wakaingia na kamera. Mmoja akakitazama kile kifurushi, akanitazama mimi, akaanza kukohoa.

Akajitokeza mzee mmoja ambaye kwenye orodha ya msafara ameandikwa mtunza vifaa. Mkononi alishika chupa ya maji yaliyotiwa chumvi. Akanyunyiza mara moja, kifurushi kikalowa. Alipoinua chupa mara ya pili nikasahau mipango yangu yote:

"Mzee, shikamoo, usimwage! Kadi ina mahojiano ya wiki nzima!"

Uwanja ukanyamaza kama umezimwa.

"Kumbe cha kijasusi!" msemaji akasema. Kwa uso wake, nadhani uchawi ungemfaa zaidi.

Kifaa kikilowa maji ya chumvi usijaribu kuona kama kinawaka. Nilivua soksi, nikatoa betri mbili, nikachomoa kadi na kuifuta kwa shati, kisha nikaichomeka kwenye kompyuta ya mwenzangu. Meneja wa timu alikuwa mtu mwenye busara: tusikilize pamoja, mpaka saa 10:15 ibaki, kinachozidi kifutwe mbele ya wote. Faili lilikuwa la karibu MB 200, na sauti isiyobanwa inakula kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo zilikuwa dakika 20 hivi.

Upepo haukusikika hata chembe. Soksi ile ilifanya kazi vizuri mno. Tukasikia viatu, tukasikia "Kuna kitu huku!", halafu, safi kabisa kama yuko studio, sauti ya msemaji:

"Nikakiokote mimi? Nina watoto watatu! Mtumeni yule kijana wa timu B!"

Meneja alishika nguzo ya goli asianguke. Kijana wa timu B alikuwa amesimama palepale, hakucheka.

"Futa hiyo," msemaji akasema.

Iliingia baada ya 10:15, tena kwa saa yake mwenyewe. Nikafuta.

Naye ana utu wake. Kabla hatujaachana alifungua begi la televisheni ya mtandaoni ya klabu akanipa sponji mpya, nzito, yenye nembo yao pande zote nne. "Tupa uchafu huo," akaniambia. Nikashukuru, ndaga fijo, nikaivisha kinasa sauti nilichoazima kesho yake.

Baada ya mechi, televisheni yenye haki za ligi ikachukua mahojiano yake kwanza, kama ilivyo utaratibu, nasi tukapanga foleni mlangoni kumsubiri kocha wa nyumbani. Afisa wa timu yetu, tunayefahamiana naye vizuri, aliitazama sponji, akanyoosha mkono mlangoni.

"Hapana, kaka. Chombo chenye nembo hiyo hakiingii humu leo."

Nikaing'oa sponji bila ubishi, nikatumbukiza mkono mfukoni kutafuta soksi. Ilikuwa haijakauka, na chumvi ilishaanza kuweka michirizi myeupe.

"Na hicho cheusi ni nini?" akauliza, akirudi nyuma hatua mbili.